Kabla ya kununua boya la kuvulia, niulize mimi niliyekwama kwenye tope

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeona boya la kuvulia la kujaza upepo, lile la duara, limeshushwa bei karibu nusu. Nichukue?" Akaambatanisha picha. Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Lilikuwa boya lile lile, au ndugu yake wa tumbo moja, lililonidhalilisha mbele za watu miaka 6 iliyopita. Nikamjibu usichukue. Akauliza kwa nini, na jibu lake ni refu, kwa hiyo naliweka hapa, maana najua si yeye peke yake. Sote tuliowahi kusimama ukingoni tukitazama samaki wakiruka katikati ya ziwa, mbali kuliko mshipi unavyofika, tuna tamaa moja.

Kwa asiyelijua, hili ni boya la kuketi. Miguu inaning'inia majini ikiwa na mapezi kama ya wapiga mbizi, ukipiga miguu unakwenda kinyumenyume, na mikono inabaki huru kushika fimbo ya kuvulia. Huko Marekani walianza na tyubu ya gari iliyovishwa turubai na kuwekewa mikanda ya kukalia. Boya la duara ni mjukuu wa tyubu ile: wamelishonea mifuko na kulitia rangi nzuri, basi.

Na mimi rangi ndiyo iliyoniponza. Kijani kibichi, mifuko minne, mahali pa kuchomeka fimbo. Muuzaji akaniambia linabeba kilo 130, nami wakati huo nilikuwa na kilo 92, nikajiona nimebakiwa na nafasi tele. Hakuna aliyenikumbusha kwamba maboksi ya ndoana, maji ya kunywa, suruali ya mpira na nguo zilizolowa vyote vina uzito. Nilipoketi, maji yalinifika mbavuni. Linabeba, kweli, lakini kubeba na kukuweka juu ya maji ni mambo mawili.

Asubuhi ilikwenda vizuri, sitawachosha nayo. Adhuhuri nikatoka kula, nikaliacha boya juani vile vile lilivyo, limejazwa likakaza kama ngoma. Hewa ikipata joto hutanuka, hilo tulifundishwa shuleni, ila shule na ziwa havikukutana kichwani mwangu siku ile. Mfuko wa ndani unaoshika upepo ulikuwa wa vinaili, plastiki laini, tena nyembamba, na nadhani mshono ulianza kuachia pale pale nikiwa nalamba vidole.

Nikarudi majini, nikaufuata upepo kwa sababu ulikuwa unanisukuma na miguu inapumzika. Kosa jingine hilo. Boya la kuvulia halina mbio, na la duara likikutana na upepo wa mbele huzunguka kama sufuria tupu. Nilipogeuka nirudi ndipo nikasikia nyuma ya bega la kulia: sss. Sauti ndogo tu, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama hadi kwenye kiungo.

Boya lile lilikuwa na mfuko mmoja mkubwa wa upepo na mwingine mdogo wa kuegemea mgongo. Ule mdogo ndio ulionibakiza juu. Jaketi la kuokoa maisha nilikuwa nalo, nimelifunga vizuri kabisa kwenye mfuko wa nyuma, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Nawaambia haya nikiwa na aibu, ili mtu asinije na hadithi za "nalibeba kila mara". Kulibeba si kulivaa.

Ilinichukua karibu saa 2 kurudi. Nilipogusa tope nikasimama, nikajaribu kutembea kwenda mbele na mapezi miguuni. Anayevaa mapezi hutembea kinyumenyume, mimi sikujua. Pezi la kushoto likanaswa, nikaanguka kifudifudi, na lile duara lililosinyaa likanibana kiunoni. Sikuweza kulipandisha wala kulishusha. Hapo ndipo rafiki yangu, niliyempa lifti mwenyewe asubuhi ile, badala ya kunipa mkono akatoa simu akaanza kurekodi. Video ikazunguka kwenye kundi letu. Hadi leo akiniona ananiita Kiboko. Wengine wamesahau asili ya jina, yeye hajasahau, na mimi pia.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa boya lolote ni moja: mlango uko wapi? La duara halina mlango. Unaingia kwa kulivaa kama gauni na unatoka kwa kulivua, hata kama una haraka ya kufa na kupona. Tafuta lenye umbo la herufi U, au V. Yote mawili yako wazi mbele: unarudi nyuma, unaketi, unafunga ubao wa kukunja au wavu wa kuwekea mshipi mapajani. Kutoka, unafungua kibano, unasimama. La V lina ncha nyuma, na kwa kuwa tunasafiri kinyumenyume, ile ncha ndiyo inayopasua maji. Miguu yako itaona tofauti jioni. Mimi natumia la V. Lakini hata la U, mradi lina mlango.

La pili, hesabu mifuko ya upepo. Nataka miwili mikubwa isiyotegemeana, kulia na kushoto, ili mmoja ukifa mwingine ukufikishe. Mfuko wa ndani wa yurethani, plastiki nyingine, ni mwepesi na mgumu kutoboka kuliko wa vinaili. Bei yake iko juu, lipa. Zipu ya nje iwe ndefu ya kukuwezesha kuutoa mfuko na kuutia kiraka. Kiti kiwe cha juu, makalio yasikae majini, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa, na mvuvi anayetetemeka hufunga mafundo mabovu.

Na tafadhali msipeleke boya kwa fundi wa matairi. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi kwa inchi ya mraba. Mengi ya maboya haya hutosheka na pauni 1 hadi 3. Pampu ya mkono au ya mguu inatosha. Likiwa jipya, lijaze nyumbani, uliache usiku kucha kivulini, asubuhi ulibonyeze. Ukitoka majini juani, punguza upepo kidogo.

Ndugu zangu, tuna ugonjwa wa kununua kwa macho. Mtu atauliza mifuko mingapi ya kuwekea vitu, rangi gani, kuna pa kuweka chupa? Hatauliza nitatokaje. Kisha anachukua kitu cha ziwa tulivu anakipeleka mtoni kwenye mkondo, au kwenye maji yenye mamba, miguu ikining'inia kama chambo! Anza safari dhidi ya upepo ungali na nguvu, ili ukichoka upepo ukurudishe. Vaa jaketi. Livae, nimesema.

Jumamosi iliyopita nilitoka na boya langu la V kabla jua halijachomoza. Mbele ya matete, mahali ambapo mtu wa ukingoni hawezi kutupa ndoana hata akipaa, nikamtoa kambare wa kilo 7. Alinivuta na boya zima akanizungusha mara 2. Yule rafiki alikuwa ukingoni na ndoo yake. Nilipita karibu, nikamwinua kambare afikie usawa wa macho yake. Hakutoa simu.

Msomaji wangu kaandika tena jana. Kapata lingine, umbo la U, mifuko miwili ya upepo, rangi ya chungwa, na anataka kulipa leo. Nimemwambia asubiri, kwanza anipigie picha ya mshono wa ndani, zipu ikiwa wazi.