Besdei kwa baiskeli: mmeuliza, najibu

Tangu niwasimulie kwamba miaka 30 niliitimiza kwa kuwakimbizisha washkaji na baiskeli katikati ya Dar badala ya kukata keki sebuleni, maswali hayaishi. Nimechukua yale yanayojirudia, haya twende.

"Hiyo ni marathoni ya baiskeli au kitu gani? Sijaelewa." (msomaji, Tabata)

Siyo marathoni. Hakuna njia moja ya wote, hakuna kamba wala kelele za spika. Kila mtu anapewa karatasi yenye vituo, anapanga mwenyewe aanze na kipi amalizie na kipi, akifika anafanya kajikazi fulani anagongewa mhuri anasepa. Huko nje wanaziita alleycat, yaani paka wa vichochoroni, na walioanzisha ni vijana wa kupeleka barua na vifurushi kwa baiskeli maofisini, ya kwanza kuitwa hivyo ilifanyika Toronto, Kanada, 1989. Ukiangalia ni kazi yao ile ile ya kila siku, chukua hapa peleka pale, wakaifanya mchezo. Na kila mshiriki anachomekewa kadi yenye namba kwenye spoki za tairi la nyuma. Hiyo kadi usiiache kabisa, mi yangu ipo ukutani mpaka leo.

"We kaka, Dar hii yenye daladala na bodaboda, si tutazikana siku ya besdei?" (dada wa Mbagala)

Ndo maana nasema kila siku, ukitaka mbio za namna hii zinoge usimpe ushindi mwenye miguu, mpe mwenye akili. Mtu akijua kwamba kukanyaga kama kichaa kutamwokolea dakika mbili lakini kwenye kituo atakaa dakika kumi anatafuta jibu, hawezi kupita taa nyekundu, haimlipi. Mi niliweka na adhabu, ukionekana umepita taa au umeingia njia ya mwendokasi unarudi kituo ulichotoka, na nilikuwa na watu wawili wamekaa kona wanakunywa kahawa kazi yao kuchungulia tu.

Halafu muda. Jumapili, saa 12 na nusu asubuhi mnaondoka, saa 3 jua halijawa kali kila mtu yupo mezani. Mkisema saa 4, shauri yenu. Helmeti lazima, na asiyekuja nayo anakaa kwenye mihuri, hata awe shemeji yako.

"Ulipita wapi? Tupe ramani tuibe." (wengi sana mmeuliza hili)

Ibeni. Tulianzia Mnazi Mmoja tukamalizia ufukwe wa Coco, na katikati vituo vinne. Ukienda njia iliyonyooka ni kama kilomita 8 hivi, ila sijaona aliyeenda njia iliyonyooka.

Mnara wa Saa: niliuliza ulijengwa kukumbuka nini. Mnapita hapo kila siku mnaangalia saa, kumbe ni kumbukumbu ya Dar kuwa jiji, 1961. Waliopata ni wawili, na mmoja alimuuliza mzee wa kahawa, ambayo inaruhusiwa, tena ndo raha yenyewe.

Sanamu ya Askari: iko pale tangu 1927 kwa ajili ya askari wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Swali lilikuwa singe ya bunduki inaelekea upande gani na maandishi yameandikwaje. Inaelekea bandarini, na maandishi ni ya Kiswahili na Kiingereza, na mengine ya herufi za Kiarabu. Jamaa mmoja akaandika na Kijerumani, bila hata kushuka kwenye baiskeli, nikamrudisha.

Feri, kwenye soko la samaki: leta jina la samaki ambaye hujawahi kumla, uambiwe na muuzaji mwenyewe. Hapa watu walipotelea mazima, mmoja alitoka na changu wawili kwenye mfuko wa nailoni wananing'inia kwenye usukani.

Kutoka Feri unafuata bahari mpaka maeneo ya Aga Khan, unapanda daraja la Tanzanite. Kituo cha nne kilikuwa kule mwisho wa daraja, nacho nilikuwa nimeagiza wapige picha na mtu anayefanya mazoezi ambaye hawamjui, na asubuhi ya Jumapili hao hawakosekani.

"Nina Phoenix ya marehemu babu, breki za vyuma, haina gia. Nitaaibika?"

Mjukuu, aibu iko wapi? Nikwambie kilichotokea kwangu. Kule mwisho, Coco, kazi ilikuwa kununua mihogo ya kuchoma na kuifikisha mezani kwangu ikiwa na pilipili na kachumbari yake, haijamwagika. Aliyefika wa kwanza ana baiskeli nyepesi ya mamilioni, nguo za kubana, viatu vya kujifunga kwenye pedali, akakabidhiwa sahani akabaki ameduwaa, hana pa kuiweka. Akajaribu kuendesha kwa mkono mmoja, kachumbari mchangani. Akanunua nyingine. Nyuma yake anakuja mjomba wangu na Phoenix nyeusi, kwenye karia amefunga boksi la bia kwa mpira wa tyubu, akaweka sahani, akagonga kengele, huyo. Mshindi.

Wewe kaza breki tu na upake cheni mafuta. Ila mwenye sherehe, usikose fundi mmoja na pampu, viraka, gundi na spana, sisi tulipata pancha tatu kabla hata ya Posta.

"Kibali je?"

Mkiwa kumi mnaendesha kwa kufuata sheria na hamfungi barabara, ni watu wanaotembea na baiskeli zao. Mkianza kuwa hamsini na mabango, au mnataka kusimamisha magari, nendeni polisi mapema mkaongee, msisubiri kuulizwa barabarani.

"Zawadi unatoa ngapi?"

Mbili zinatosha. Ya kwanza na ya mwisho, na ya mwisho iwe nzuri zaidi. Kwangu wa mwisho alipata tairi jipya, wa kwanza akapata soksi, mjomba hajanisamehe.

"Na mwenye besdei anakimbia au anakaa?"

Anakaa kituo cha mwisho, anapokea karatasi. Mi nilidhani hapo nimewakwepa na yale maji yao ya kumwagiana. Kumbe wote walikuwa wamekuja na chupa kwenye fremu, na nilikuwa nimewasisitiza mwenyewe, jamani, msisahau maji.