Sherman ya Burma: ninunue kitabu kipi?

SWALI: Habari fundi. Binamu yangu aliyetoka ng'ambo ameniletea seti ya kuunganisha kifaru, skeli ya 1/35 (yaani mara 35 ndogo kuliko kifaru chenyewe). Boksi limeandikwa "Sherman V". Babu mzaa baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) na alipigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili, kwa hivyo nataka kiwe kama vile ambavyo huenda alivipita barabarani huko. Muuza vitabu vya mitumba hapa Tom Mboya Street ana viwili. Kimoja ni kikubwa, jalada gumu, kina michoro ya rangi ya Sherman za Ulaya na michoro ya vipimo kwa skeli hiyohiyo ya 1/35. Cha pili ni chembamba, picha nyeusi na nyeupe za vita vya Burma, hakina mchoro hata mmoja. Pesa niliyo nayo ni ya kimoja. Moyo uko kwa kile kikubwa. Wasemaje? — Msomaji, Umoja

JIBU: Chukua chembamba, ndugu yangu. Najua si jibu ulilotaka.

Fikiria umeenda Kirinyaga Road kutafuta rediata. Ukisema tu "nataka ya Toyota", watakutazama. Toyota gani, ya mwaka gani, injini gani? Sherman ni vivyo hivyo. Zilitengenezwa karibu 50,000, katika viwanda kadhaa, na bodi na injini za aina mbalimbali. Jina "Sherman" peke yake halikutoshi kununua hata bolti.

Bahati nzuri boksi lako limekupa fununu. "Sherman V" ni jina la Waingereza. Wamarekani wenyewe waliita kifaru hicho M4A4. Kilitengenezwa na Chrysler huko Detroit, 7,499 kwa jumla, na vingi vikapewa Waingereza na majeshi yaliyopigana pamoja nao, likiwemo la India. Injini yake ni kichekesho cha mafundi: injini tano za gari, kila moja silinda sita, zimefungwa pamoja zikazungusha shafti moja. Silinda 30! Dubwana hilo halikuenea kwenye bodi ya kawaida, ikabidi bodi irefushwe na bogi, yaani fremu zinazoshika magurudumu mawili mawili, ziachanishwe zaidi. Mnyororo nao ukaongezewa pingili: 83 kila upande, wakati Sherman nyingi zina 79.

Sasa rudi kwa kile kitabu kikubwa. Kafungue ukurasa wa michoro ya vipimo, usome maandishi madogo chini yake. Kwa kuwa kinahusu Sherman za Ulaya, nahisi utakuta M4A3 au M4A1, kwa sababu ni kati ya zile Wamarekani walizotumia sana huko. Kama hakijaandika aina, toa rula. Bodi ya M4A4 ina urefu wa kama mita 6.06. Gawanya kwa 35 unapata milimita 173. M4A3 ina kama mita 5.9, yaani milimita 169 hivi. Milimita nne zinaonekana ndogo mpaka uanze kulinganisha plastiki yako na mchoro usio wake, ukate hapa, ujaze pati pale, uharibu seti iliyokuwa sahihi tangu kiwandani. Nimeona mtu akifanya hivyo, tena mwenye mkono mzuri kuliko wangu.

Hata mchoro ukiwa wa M4A4, upime pande mbili, urefu na upana. Upana wa Sherman ya aina hii ni mita 2.62 hivi, kwa hivyo kwenye karatasi utafute milimita 75. Urefu ukikubali na upana ukakataa, karatasi imevutwa wakati wa kuchapwa na mchoro huo ni wa kutazama tu. Kazi yangu ya mchana ni kuunda modeli za majengo kwa wasanifu, na somo hili lilinigharimu. Nilitoa fotokopi ya ramani ya ghorofa kwenye saiba moja mtaani, na mashine ikaipunguza kidogo ili itoshee A4 bila kuniambia. Nikakata kuta zote kwa ramani ile. Siku ya kuunganisha, ngazi hazikufika ghorofa ya pili. Mteja alisimama pale akitazama saa. Tangu siku hiyo sikati kitu kabla ya kupima mchoro, hata uwe umetoka kwa nani.

Mbona basi nikutume kwa kitabu kisicho na mchoro hata mmoja? Kwa sababu picha ya kweli ina rula ndani yake. Tafuta picha ambayo kamera ilikitazama kifaru ubavuni moja kwa moja, si kwa mshazari. Gurudumu la Sherman yako lina kipenyo cha inchi 20, yaani milimita 508. Kwenye modeli liwe milimita 14.5. Pima gurudumu kwenye picha, tuseme limetoka milimita 10. Basi kila milimita moja ya picha ni kama sentimita 5 za chuma. Kwa hesabu hiyo utajua ukubwa wa lile sanduku la vifaa lililofungwa nyuma, urefu wa gogo lililolazwa ubavuni, hata unene wa turubai lililokunjwa. Ila usipime kitu kilicho mbali na gurudumu kwa kina, kwa mfano tureti, kile kichwa kinachozunguka. Kiko mbali zaidi na kamera, kitakudanganya.

Na picha zitakuonyesha mambo ambayo mchoraji husafisha. Mabati ya kukinga matope yaliyopinda, au yaliyong'olewa kabisa. Pingili za akiba zilizotundikwa mbele. Vyungu, ndoo, mablanketi. Ukitaka kuhakikisha kilichopigwa picha ni M4A4, tazama nafasi kati ya bogi moja na nyingine: kwenye Sherman za kawaida zimekaribiana, kwenye yako kuna pengo wazi. Kisha tazama juu ya bodi nyuma ya tureti, kuna kinundu cha kufunika rediata. Mbele, kifuniko cha difu ni vipande vitatu vilivyoungwa kwa safu za bolti, si kipande kimoja cha duara. Ukizoea, utaijua M4A4 kama unavyoijua matatu ya mtaa wako kabla hujasoma namba ya njia.

Michoro uliyoikosa utaipata bure. Jeshi la Marekani lilitoa kijitabu cha ufundi kwa kila aina ya Sherman, na cha M4A4 ni TM 9-754. Nakala zake zilizoskaniwa ziko kwenye intaneti. Kimeandikwa kwa fundi wa jeshini, si kwa sisi wa gundi na brashi, lakini kinaonyesha kila kifuniko, kila mpini, kila taa ilipofungwa na bolti ngapi. Ukishakuwa nacho, cha kununua kinabaki kile kisichopatikana bure kwa urahisi: picha za mahali na mwezi unaoutaka. Hata hizo, jumba la makumbusho la vita la Uingereza, Imperial War Museums, limeweka nyingi mtandaoni ambazo unaweza kuzitazama ukiwa na bando tu.

Kuhusu michoro ya rangi, naipenda kama mtu mwingine yeyote, lakini ni ya mwisho katika foleni yangu. Mara nyingi mchoraji alitazama picha nyeusi na nyeupe kama hiyohiyo utakayonunua, akajaza kijani kwa kukisia. Ukiona mchoro wa rangi na kando yake picha uliyotokana nayo, mwamini kiasi. Ukiona mchoro peke yake, ni pambo. Vitabu vya picha za vifaru vya makumbusho navyo vina mtego wao: kifaru kimepakwa rangi upya mara kadhaa na huenda kimevalishwa vipuri vya kingine. Vifae kwa umbo la bolti, visifae kwa rangi wala alama.

Ukija kupata pesa siku nyingine, kuna kitabu kinene cha R. P. Hunnicutt kuhusu Sherman, cha 1978. Hicho kitakueleza kwa nini kila aina ilizaliwa. Hakitakusaidia na matope ya Burma.

Sasa la babu, maana ndilo litakalochagua mwezi. Sherman V za Burma zinazojulikana zaidi ni za Brigedi ya 255 ya Vifaru ya India, iliyoshambulia mji wa Meiktila, katikati ya Burma, kuanzia mwisho wa Februari 1945. Uliza nyumbani, au tazama picha zake za zamani kama zipo: alivaa alama gani begani? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha kifaru, yule mnyama. Kwa hivyo ukiambiwa "babu alikuwa na kifaru", usidhani ni cha chuma. Kama ndiyo divisheni yake, yeye alishuka bonde la Kabaw hadi Kalewa, akauona mto Chindwin ukivukwa Desemba 1944, kisha divisheni ikarudishwa India. Meiktila hakuiona, na kumsimamisha kando ya kifaru cha Machi 1945 itakuwa hadithi. Lakini kama alikuwa Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, hiyo ilikuwa chini ya Kori ya 4, kori ileile iliyopeleka vifaru Meiktila, na mapema 1945 ilikuwa upande wa magharibi wa mto Irrawaddy. Hapo Sherman yako iko jirani kabisa.

Kwa hivyo ukifika Tom Mboya Street, usilipe kabla hujafungua chembamba na kusoma tarehe chini ya picha. Zikiwa zote za 1944 na babu ni wa Brigedi ya 28, kiache hapo. Zikiwa za 1945, anza kwa nusu ya bei atakayokutajia. Na hakikisha kurasa za katikati hazijachanwa. Kwenye vitabu vya mitumba, picha nzuri ndizo hutangulia kuondoka.