Mama amewekewa skrubu kiunoni: alale au atembee?

SWALI: Mama yangu ana miaka 72. Wiki mbili zilizopita alifanyiwa upasuaji wa pingili za kiuno kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imebanwa, akawekewa na skrubu. Sasa tuko naye nyumbani Tanga. Daktari alisema atembee, lakini dada zangu hawataki ashuke kitandani mpaka wiki sita ziishe, na shangazi anataka tumkande kwa maji ya moto. Kila tukimwinua analia kwa maumivu. Mguu wa kushoto bado una ganzi. Tufanyeje?

JIBU: Binti, pole kwa kuuguza, na mama mfikishie pole zangu. Nianze na hilo linalowagawanya: daktari yuko sahihi, mama atembee. Skrubu zinashikilia pingili wakati mfupa unaungana, kazi inayoweza kuchukua miezi mitatu hadi sita, pengine mwaka. Mtu wa umri wake akilazwa wiki sita, misuli ya mapaja inakwisha, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, nimonia inamnyemelea na vidonda vinamtoka makalioni. Wazee wa namna hii ninaoletewa wakiwa hawawezi kusimama, mara nyingi mshono umeshafunga vizuri, ila miguu ndiyo imeisha nguvu.

Hicho kilio cha kuinuliwa nadhani nakijua chanzo chake. Mnamvuta mikono, au mnampitishia mikono kwapani na kumkalisha moja kwa moja kutoka chali. Hapo kiuno kinakunjika na kujipinda kwa pamoja. Acheni kabisa. Mwambieni akunje magoti yote mawili, nyayo zikanyage godoro. Wewe simama upande anaogeukia, kiganja kimoja nyuma ya bega lake la mbali, kingine kwenye nyonga ya upande huohuo. Hesabuni pamoja, kisha ageuke mzima kama gogo, bega na nyonga kwa wakati mmoja. Akishalala ubavu ukingoni mwa kitanda, ateremshe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu ikishuka unasaidia kiwiliwili kupanda. Akae dakika moja au mbili kabla ya kusimama, hasa kama anatumia dawa za presha, maana kizunguzungu cha hapo ndicho huwaangusha. Kurudi kulala ni mwendo huohuo kinyumenyume. Kama ana dawa ya maumivu ya kumeza, apewe nusu saa hivi kabla ya mazoezi.

Kutembea kuwe kidogo kidogo: dakika tano, mara tano au sita kwa siku, kwa fremu ya kutembelea kama mnayo, na viatu vinavyoshika kisigino, si kandambili. Kukaa kitini kusizidi nusu saa mfululizo. Asiiname, asijipinde, asinyanyue kitu kizito kuliko jagi la maji. Kibao cha mbuzi na kigoda vikae mbali kwa sasa, hata akisema anajisikia vizuri. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti imara kilichotobolewa katikati. Kama anaswali, aswali kitini na ainamishe kichwa tu. Asiinamishe kiuno kwa rukuu wala sijda mpaka daktari aruhusu.

Kuhusu kukanda, mwambieni shangazi kwa heshima zote kwamba mgongo usiguswe, wala kwa maji ya moto wala kwa kuchua. Mshono ukilowa na kuchokozwa unaingiza wadudu, na wadudu wakifika kwenye skrubu huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Mikono ya shangazi ina kazi nyingine: uji, mboga za majani, papai na maji ya kutosha. Dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga choo, na mgonjwa wa mgongo akijikamua chooni anaumia sana.

Ganzi ya mguu isikutishe kama ilikuwepo kabla ya upasuaji na haiongezeki. Kwa kawaida maumivu ya mguu hutangulia kuondoka; ganzi huchelewa, hata miezi, na nyingine hubaki kidogo. Kinachotisha ni ganzi mpya sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja, mkojo kugoma au kutoka bila yeye kujua, kushindwa kuzuia choo, au mguu kuishiwa nguvu ghafla. Hapo msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Vilevile akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mshono ukitoa usaha au majimaji meupe kama maji pamoja na kichwa kinachouma akikaa, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma. Kifua kikibana ghafla au pumzi ikakatika, ni dharura pia. Usiku akianza kuchanganyikiwa, kuita watu wasiokuwepo, msimgombeze. Waambieni madaktari, kwani huweza kuwa dawa, maambukizi au mkojo uliojaa.

Jambo la mwisho, muulize taratibu mkiwa wawili tu: je, anatumia ugoro au anatafuna tumbaku na tambuu? Wazee wengi hulificha hili. Nikotini hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na kuchelewesha kuungana. Kama anatumia, aache sasa, na siku ya kliniki daktari aambiwe.