Wamehoji au wamemhoji? Waziri wa kaunti na maswali ya wawakilishi wadi

SWALI

Mimi ni mwanahabari wa redio na kazi yangu kubwa ni kufuatilia vikao vya bunge la kaunti yetu hapa Kenya, wanakoketi wawakilishi wadi. Wiki iliyopita niliandika kuhusu basari, fedha za kuwasaidia wanafunzi karo: "Wawakilishi wadi wamehoji sera ya basari." Mhariri akaigeuza, ikasomwa hewani: "Wawakilishi wadi wamemhoji waziri wa elimu kuhusu swala la basari." Waziri mwenyewe siku hiyo hakufika bungeni. Nilipolalamika niliambiwa maana ni ileile. Kisha mzee mmoja msikilizaji akapiga simu, akasema waziri huulizwa, hahojiwi, kwani si mshukiwa. Nisaidie: ni kuuliza, kuhoji, kusaili au kupiga msasa?

JIBU

Sentensi yako ilikuwa sahihi na ilistahili kusomwa jinsi ulivyoiandika. Kwenye kitenzi mhariri alitia herufi moja tu, ile m ya "wamemhoji", na kwa herufi hiyo msikilizaji akaelezwa tukio ambalo halikutokea.

Tuitazame m yenyewe. Mtendwa akiwa mtu, Kiswahili fasaha humtaja ndani ya kitenzi: nimemwona mwalimu, tumemwita daktari. Akiwa kitu, tunaweza kumwacha nje: nimeona nyumba, tumeita gari. Kwa hiyo sikio lililozoea lugha likisikia "wamehoji" bila kiambishi cha mtendwa, linajua kabla ya neno linalofuata kwamba kinachohojiwa ni jambo. Likisikia "wamemhoji", linaona mtu ameketi mbele ya wengine, anatupiwa maswali, anajibu au anakwepa. Waziri wako hakuwapo. Kilichokuwapo ni sera yake. (Wapo wanaoandika "wamehoji waziri", bila m. Hilo ni kosa la aina nyingine, na siku hizi limejaa kwenye vichwa vya habari.)

Sasa kitenzi chenyewe. Hoji ni wa ukoo mmoja na hoja, na hoja ni sababu inayosimamisha au kuangusha jambo. Anayehoji anadai sababu. Akimhoji mtu, anamtaka azitoe kwa kinywa chake. Akihoji sera, anasema sera hiyo haijaonyesha bado miguu inayoisimamisha. Ndiyo maana tunasema kuhoji uhalali wa kitu au kuhoji uamuzi, ila hatusemi kuuliza uhalali wala kuuliza uamuzi. Kuuliza hakudai chochote zaidi ya jibu. Mgeni huuliza njia, mtoto huuliza jina la ndege. Wahenga wakasema kuuliza si ujinga. Sijasikia methali kama hiyo kuhusu kuhoji, na nadhani sababu ni kwamba anayehoji kwa kawaida anajua kitu tayari, na anachokijua ndicho kinachomsukuma.

Chukua basari hiyohiyo. Mwakilishi akisema, "Ni wanafunzi wangapi wa wadi yangu waliopata basari mwaka huu?", ameuliza. Akiendelea, "Katiba imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa nini basi fedha zetu zinakwenda kwa wanafunzi wa sekondari, ambao ni jukumu la serikali ya kitaifa?", hapo amehoji sera. Ni mtu yuleyule, kikao kilekile, pengine dakika ileile, na bado taarifa yako ingehitaji vitenzi viwili.

Mfano mzuri zaidi wa tofauti hii uko kwa jirani zetu. Katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na vilevile katika Bunge la Tanzania, mawaziri huketi humohumo ukumbini na maswali yamepata umbo lililotulia kabisa. Umbo la kwanza ni "Je, ni lini Serikali itajenga barabara ya…?" Hili ni swali tupu: linataka tarehe. Umbo la pili ni "Je, Serikali haioni kuwa…?" na baada ya hapo hufuata hoja nzima, imekamilika, imevaa alama ya kuuliza. "Je, Serikali haioni kuwa kuchelewa kwa dawa kunahatarisha maisha ya wajawazito?" Hakuna anayeuliza uwezo wa Serikali wa kuona. Kile kikanushi, haioni, kinambana waziri pande zote mbili: akisema inaona, ataulizwa mbona haikutenda, akisema haioni, amejiumbua. Mwandishi anayeripoti umbo la kwanza aandike "ameuliza". Anayeripoti la pili ana haki ya kuandika "amehoji". Mimi hufurahia sana kusoma kumbukumbu za vikao hivyo kwa sababu hii moja, kwamba sarufi inakuonyesha nani anatafuta habari na nani anapigana.

Kenya umbo hilo halikuota mizizi katika kaunti, na sababu yake imo kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 179 inasema gavana huteua wanachama wa kamati kuu ya kaunti, hao tunaowaita mawaziri wa kaunti, miongoni mwa watu wasio wawakilishi wadi, kisha bunge la kaunti liwaidhinishe. Kwa hiyo waziri hana kiti ukumbini. Mwakilishi akisimama hana wa kumtazama machoni isipokuwa Spika. Lugha ikalazimika kutafuta njia ya kuzunguka, na njia iliyopatikana ni kuomba taarifa. Umeisikia mara nyingi: "Bwana Spika, nasimama kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa Kamati ya Afya kuhusu uhaba wa dawa katika zahanati. Katika taarifa hiyo, mwenyekiti aeleze chanzo cha uhaba huo. Ataje kiasi kilichotengwa kununua dawa. Na afafanue hatua zitakazochukuliwa."

Sikiliza vitenzi. Aeleze, ataje, afafanue. Mwanzo wa sentensi ni ombi la adabu, "kuomba taarifa", lakini kila kinachofuata kimemalizikia na e, na e hiyo katika Kiswahili ndiyo tunayoitumia kuagiza bila kufoka: mwambie aje, mtoto alale, mgeni apewe maji. Hakuna alama ya kuuliza hata moja katika maneno hayo yote. Ukiandika "mwakilishi ameuliza kuhusu dawa" umepunguza uzito wake; ukiandika "amemhoji mwenyekiti" umezidisha. Kitenzi kinachofaa ni kile cha kila siku kisichopewa heshima yake: kutaka. "Mwakilishi ametaka maelezo kuhusu uhaba wa dawa." "Mwakilishi amemtaka mwenyekiti aeleze zilikokwenda fedha za dawa." Au, ukipenda neno la kikao lenyewe, "ameomba taarifa". Naomba wanahabari wa kaunti mkipende kitenzi hiki, kutaka. Kimebeba ombi na agizo pamoja, kama maneno ya mwakilishi mwenyewe yalivyofanya.

Wapo wanaosema "kuomba kauli" badala ya taarifa, na katika Seneti utayasikia yote mawili. Mimi nachagua taarifa. Kauli ni maneno ya mtu na msimamo wake. Taarifa ni habari iliyokusanywa, na ndiyo mwakilishi anayoitafuta.

Nirudi kwa mzee aliyepiga simu, kwa kuwa alisikia kitu cha kweli. Masikio yetu yamejaa "anahojiwa na makachero", "alihojiwa kwa saa sita", na neno likitumika hivyo mchana kutwa hupata harufu ya kituo cha polisi. Hata hivyo redio hiyohiyo humhoji mwanamuziki kuhusu albamu yake, na hakuna anayedhani ameiba. Hoji peke yake haina mashtaka. Isitoshe, kuna mahali ambapo waziri wa kaunti huhojiwa kweli, kwa maana kamili ya neno. Ibara ya 195 ya Katiba imelipa bunge la kaunti na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au habari, na katika kuita huko lina mamlaka kama ya Mahakama Kuu: kumlazimisha shahidi afike, kumwapisha, kudai hati. Waziri akiwa mbele ya kamati, faili mezani, ameapishwa, maswali yanafuatana, hapo "amehojiwa" ndilo neno lake, na "ameulizwa" lingekuwa la upole kupita kiasi. Mwambie mzee kwamba yuko sahihi kuhusu ukumbi mkubwa, na kwamba chumba cha kamati kina kanuni yake.

Hata kuita kwenyewe kuna daraja. Kamati ikimwalika waziri, ni mwaliko. Ikimwita, inatarajia aje. Ikimwagiza afike mbele yake kwa mujibu wa ibara hiyo, asipofika anakiuka sheria. Nimesoma taarifa nyingi zinazoandika "amealikwa" penye agizo. Huko ni kumtoa waziri kwenye lawama ambayo ingekuwa yake.

Kusaili na kupiga msasa ni vya kikao kingine kabisa, kile cha kabla mtu hajashika wadhifa. Msasa ni mti ambao majani yake yana mikwaruzo, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao. Siku hizi jina limehamia kwenye karatasi ya kazi hiyohiyo. Kenya tumeupeleka usemi huo bungeni: mteule wa gavana anapigwa msasa, yaani anachunguzwa elimu yake, mali yake na mwenendo wake kabla ya kuidhinishwa. Ni usemi mzuri, ila uangalie mpaka. Tanzania ukiandika kwamba watumishi "wamepigwa msasa", msomaji ataelewa wamepewa mafunzo ya kuwanoa. Kusaili nako ni kumuuliza mtu maswali ili kupima kama anafaa. Upande wa Tanzania anayetafuta kazi huitwa kwenye usaili. Kwa hiyo waziri mteule anaweza kusailiwa. Waziri aliyekwisha kuapishwa hasailiwi tena, hata akijibu vibaya namna gani.

Kuna neno hukuliuliza, lakini wenzako wanalitumia kila siku na nisingependa kuliacha: kuwajibisha. "Wawakilishi wamwajibisha waziri kuhusu basari." Wanamaanisha wamemuuliza kwa ukali. Wajibu ni jambo linalokulazimu. Kuwajibika ni kulibeba, pamoja na matokeo yake. Tanzania neno limekwenda mbali zaidi, na ukisikia "waziri awajibike" ujue anatakiwa ajiuzulu. Kuwajibisha, basi, ni kumfanya mtu abebe matokeo. Maswali pekee hayafanyi hivyo. Katiba inasema mawaziri wa kaunti wanawajibika kwa gavana, na inawataka walipe bunge la kaunti ripoti kamili za mara kwa mara. Bunge likitaka waziri abebe matokeo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mwakilishi, akiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wenzake, kuwasilisha hoja ya kumtaka gavana amfute kazi. Hapo ndipo habari ya kuwajibishwa huanza. Kabla ya hapo, andika kwamba wanataka awajibike.

Na "swala". Mhariri aliandika "swala la basari". Swala ni mnyama wa mbugani, na kwa Waislamu ni ibada. Kilichokusudiwa ni suala, jambo linalojadiliwa, na wingi wake ni masuala. Swali ni kile kinachohitaji jibu, wingi maswali. Suala na swali vilitoka katika neno moja la Kiarabu na vikagawana kazi huku kwetu, mgawanyo ambao umetufaa sana bungeni: suala moja linaweza kuzaa maswali kumi.

Kwa taarifa yako ya wiki iliyopita, ukipata nafasi ya kuirudia, mpe mhariri sentensi hizi mbili achague kwa kufuata kilichotokea. Ikiwa wawakilishi walipinga misingi ya mpango wenyewe: "Wawakilishi wadi wamehoji sera ya basari na kumtaka waziri wa elimu aeleze jinsi fedha zilivyogawanywa." Ikiwa walitafuta takwimu tu: "Wawakilishi wadi wameomba taarifa kuhusu ugavi wa basari." Siku waziri atakapofika mbele ya kamati, m ya mhariri itapata mahali pake.