Barua kwa mwanangu: ile shule ya Ngamiani na kengele yake

Mama yangu (nakuita hivyo kama kawaida, umebeba jina la mama yangu na humu ndani nitamtaja sana, msichanganyane),

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya kwanza sikuambulia kitu kwa honi za foleni ya Mbezi. Unauliza, mama ile shule yako ya Ngamiani bado ni shule au imebaki jina, na nikimleta mjukuu wako akae kwako asome hapo utasemaje. Halafu ukaongeza kwamba basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapanda amelala anarudi amelala, na ada mnalipa ya kununulia kiwanja. Pole mwanangu.

Sasa mimi msimamo wangu unaujua, nimeusema hata harusini kwako: shule ya mtoto ni ile ambayo kwao wanaisikia kengele yake. Baba yako alikuwa ananicheka, anasema basi wa porini wasisome. Acheke huko aliko. Lakini ngoja nikwambie kengele yenyewe ilikuwaje manake nyinyi mmekua na saa ukutani mnadhani kengele ni kelele tu.

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli. Mji huu wa Tanga reli ilikuwa haiadimiki, mkonge wote ulishuka bandarini kwa treni, basi kipande kimoja mtu alikipata akakifunga mnyororo kwenye ule mti wa mkungu mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, ukikigonga kwa nondo kinalia mpaka barabara ya 9 huku na ya 17 kule. Mtaa mzima uliishi kwa chuma kile. Bibi yako ndani hakuwa na saa, hakuitaka. Kengele ya mapumziko anakuna nazi, kengele ya kutoka anapakua. Wa vitumbua anajua lini aongeze mafuta, fundi cherehani wa barazani anajua lini afunge. Bibi yako alikuwa na neno lake, redio inaweza kuharibika, jogoo anaweza kuchinjwa, kengele ya shule haidanganyi.

Kumbuka hilo neno, nitalirudia.

Mimi niliingia la kwanza mwaka 1977, mwaka ule ule wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Chama, yaani TANU, kilikaa Musoma 1974 kikasema mwaka 77 ukifika kila mtoto awe darasani, na ada walikuwa wameshaifuta tangu 73, basi balozi wa nyumba kumi anapita mlango kwa mlango, nyumba hii watoto wangapi, huyu mbona yuko hapa anacheza. Tukajaa. La kwanza letu tulikuwa tisini na kitu, mimi nina miaka saba na nyuma yangu kuna lijitu lina sauti nzito limeanza kuota ndevu. Madawati hakuna, wengine tulikaa chini ya mwembe na vibao mapajani. Ile shule ilijengwa zama za Mwingereza, vyumba vyake vichache vya bati, haikuwa ya watoto wote wale. Ndiyo zikaja zamu, wengine asubuhi wengine mchana, darasa lile lile, dawati lile lile, likiwa bado na joto la mwenzio.

Na walimu je? Watu walisema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, wakacheka. Mimi sikucheki. Wengi walikuwa wamemaliza la saba tu, wakafundishwa huku wanafundisha, masomo yao kwa posta na kwa redio, miaka mitatu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa wa hao, kijana mdogo hata suruali haijamkaa vizuri. Alitufundisha sehemu kwa chungwa la Muheza, analikata nusu, robo, thumuni, kila ukijibu sawa unakula kipande, ukikosea anakula yeye. Mpaka leo ukiniambia thumuni mate yananijaa. Sasa huyo hana elimu? Sawa, Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na sisi tukaokoteza kwake, hilo nakubali, na tulipomaliza la saba walichaguliwa sekondari wanne, shule nzima. Kwa hiyo usinifanye mimi ni wa kusifia kila cha zamani. Mchakamchaka alfajiri, kidumu cha maji, fagio la chelewa, bustani ya mchicha ambayo mchicha wake hatukujua unakwenda wapi, Elimu ya Kujitegemea hiyo. Nilikuwa nachukia ile bustani.

Basi mwaka 1982 niko la sita, nikawa kiranja wa kengele. Si cheo kidogo hicho. Saa shule nzima zilikuwa mbili, ya mwalimu mkuu na ya huyo huyo wa machungwa, saa ya kujaza, na siku za zamu yake alikuwa ananivulia mkononi ananipa niishike ili yeye afundishe asikatishwe. Nilikuwa naivaa juu ya kiwiko manake huku chini inadondoka.

Wakati ule vitu hamna. Vita ya Kagera ilishapita lakini dukani hamna sukari, hamna sabuni, hamna unga. Duka la ushirika likiletewa mzigo watu wanapanga mawe kwenye foleni, jiwe lako ndiyo wewe, lakini jiwe bila mtu zamu ikikaribia linapigwa teke. Siku hiyo, ilikuwa Alhamisi, mtoto wa jirani kapita dirishani ananong'ona, lori limeshusha, sukari na sabuni, na mama yako kaweka jiwe lakini hawezi kwenda, mdogo wako anamtayarisha zamu ya mchana. Nikaangalia saa. Saa sita na dakika tano. Kengele ya kutoka ni saa sita na nusu. Mwalimu mkuu kaenda mjini ofisi ya elimu. Nikakivuta kile kidude cha pembeni, nikasogeza mishale mbele dakika 25. Nikaenda nikaipiga reli.

Sikupiga kwa woga. Nilipiga vizuri kuliko siku zote.

Nikamrudishia mwalimu saa yake, nikakimbia. Sukari nilipata, kilo moja, na mche wa sabuni. Nilirudi nyumbani kama mfalme.

Sasa wa zamu ya mchana wao sheria yao, kengele ya kutoka ya asubuhi ikilia wanatakiwa wawe mstarini tayari. Siku hiyo mstarini walikuwepo wale tu waliowahi kucheza mpira. Wengine wote majumbani, wanakula. Bibi yako aliniambia mwenyewe jioni, aliposikia kengele alishtuka, mdogo wangu ndiyo kwanza ana tonge la pili mkononi, akamnyang'anya sahani akamsukuma nje na mdomo umejaa. Hakusema kengele imekosea. Alisema, leo sijui nimekuwaje, nimelala na jua, nimemchelewesha mtoto. Alisema hivyo huku anakoroga chai ya sukari yangu.

Na mjomba wako kapigwa viboko vinne, yeye na wenzake nusu ya shule. Usiku alikunywa chai amekaa upande mmoja. Nikamwongezea sukari, vijiko viwili. Akaniangalia. Hakusema kitu.

Mwalimu naye saa saba redio ya jirani ilipotangaza akagundua saa yake inakimbia. Akaipeleka kwa fundi. Fundi kaifungua, kachukua hela, kasema ilikuwa na vumbi. Kwa mshahara ule wa mwalimu wa UPE.

Sijawahi kumwambia mtu. Bibi yako amezikwa anaamini kengele ya shule haidanganyi, na siku ile moja aliyekosea ni yeye. Wakati mwingine najiambia we mama vipi, ulikuwa mtoto wa miaka 12 unatafutia watu sukari, hata Mungu anajua foleni zile. Halafu najijibu, ungeweza kutoka tu bila kugusa saa ukapigwa wewe, viboko vinne si kifo. Hapo ndipo huwa nainuka naosha vyombo.

Uliuliza kama bado ni shule. Ni shule. Mwaka 2016 michango ilipofutwa watoto walimiminika, mimi nilisimama barazani naangalia nikasema hii ni 77 imerudi. Sasa ndani ya ua mmoja kuna shule mbili, majina mawili, walimu wakuu wawili, mwembe umekatwa pamejengwa madarasa. Vyoo sijui, nitakwenda kuangalia nikuambie ukweli. Darasa la mjukuu wangu atakuta wenzake wengi kuliko hao ishirini aliowazoea, na Kiingereza atajifunza cha somo, si cha kuongea. Hilo la Kiingereza najua ndilo linalomsumbua mkwe wangu, na hana kosa.

Lakini atakwenda kwa miguu, dakika nne. Reli ipo palepale kwenye mkungu, naisikia nikiwa jikoni, na shule ya mtoto ni ile... haya, basi, nimenyamaza. Mtoto ni wenu wawili, sitasema mlete wala usimlete. Ila kile kitanda cha mjomba wako nimekianika godoro jana, na hilo halina maana yoyote, ni jua lilikuwa zuri.

Mkija kuangalia msije Jumamosi, njooni siku ya kazi. Na barua hii usiifowadi kwenye kundi la familia, mjomba wako yumo.

Mama yako