Kuhusu ile picha ya projekta: kitanzi cha juu hakina kosa, tazameni chini ya lango

Ndugu zangu, swali lililoletwa ni hili. Kampuni moja ya majumba ya sinema nchini Uingereza imeweka katika tovuti yake ukurasa wa kutangaza maonyesho ya filamu za zamani kwa mkanda halisi wa milimita 35, na juu kabisa ya ukurasa huo ipo picha kubwa ya projekta ikiwa na mkanda ndani yake. Muulizaji anataka kujua kama mkanda huo umepitishwa sawasawa na, ikiwa sivyo, kama inafaa kununua tiketi. Waliotangulia kujibu wamesema kwamba kitanzi cha juu ni kikubwa kupita kiasi, na mwingine akaongeza kwamba mashine ile ni ya mkono wa kushoto, yaani iliyoundwa kwa mpangilio uliogeuzwa. Nilianza kazi ya uopereta, yaani kuendesha projekta, Mombasa katika miaka ya themanini, wakati taa zetu zilikuwa bado za kaboni, na baadaye nikaifanya Uingereza mpaka mashine za mkanda zilipoondolewa vyumbani. Kwa maoni yangu picha ile ina kosa, ila si pale mlipopataja, na kosa zito zaidi la ukurasa ule halihusiani na upitishaji wa mkanda.

Nianze na kitanzi cha juu, kwa kuwa kimelaumiwa bure. Gurudumu la meno lililo juu ya lango, yaani nafasi ambamo mkanda hupita mbele ya taa, huvuta mkanda kwa mwendo usiobadilika, futi 90 kila dakika. Ndani ya lango mambo hayawezi kwenda hivyo, kwa sababu kila picha inapaswa kusimama kabisa mbele ya mwanga, kisha iondolewe na nyingine iwekwe mahali pake, mara 24 kwa sekunde. Kazi hiyo hufanywa na msalaba wa Malta, yaani chuma chenye mifereji minne ambacho pini ikiingia katika mfereji mmoja hukisukuma robo ya mzunguko na kukiacha kimesimama hadi irudi tena. Wakati wa msukumo huo shata hufunika mwanga ili mtazamaji asione picha ikiteleza. Mkanda huohuo, kwa hiyo, unakwenda bila kukoma juu ya lango na unakwenda kwa kushtuka ndani yake, na kitu pekee kinachouwezesha kustahimili hali hizo mbili bila kuchanika ni ule ulegevu tunaouita kitanzi. Wamarekani wanakiita kwa jina la Latham, kutokana na Woodville Latham na wanawe waliokitumia katika mashine yao ya mwaka 1895.

Kwa sababu hiyo, ukubwa wa kitanzi haupimwi kwa kutazama picha iliyosimama. Kitanzi hupanuka na kusinyaa kila picha inapovutwa, na namna ya kukipima ni kuizungusha mashine kwa mkono, kwa kile kirungu cha pembeni, huku ukitazama hali zake mbili za mwisho: kinapokuwa kidogo kabisa bado kiwe na ulegevu, na kinapokuwa kikubwa kabisa kisiguse dari wala ukuta wa kijumba cha mashine. Anayetoka kwenye mashine zenye kijumba chembamba ataona kitanzi cha picha ile kuwa kinono, lakini nafasi iliyo juu yake inaonekana wazi, na mimi ningekiacha kama kilivyo.

Kuhusu mkono wa kushoto, vuteni picha karibu mtazame tarakimu zilizoandikwa kwenye kishikio cha lenzi. Zimegeuka. Mtengenezaji wa ukurasa ameipindua picha kama inavyoonekana katika kioo, pengine ili mashine iyatazame maandishi badala ya kuyapa kisogo. Mashine za mkono wa kushoto zipo, ila hiyo si mojawapo.

Kosa lenyewe liko chini ya lango. Mkanda unatoka kwenye gurudumu la kusitasita, lile linalozungushwa na msalaba, na kwenda moja kwa moja hadi kwenye ngoma ya sauti, yaani silinda ambapo sauti ya mkanda husomwa, ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kitanzi cha chini hakipo kabisa, na zaidi ya hapo kibanio cha gurudumu linalofuata kimeachwa wazi, hivyo mkanda umelala juu ya meno bila kushikwa. Mashine hiyo ikiwashwa haitamaliza hata dakika moja bila madhara. Kila mshtuko wa gurudumu la kusitasita utafika kwenye ngoma ya sauti, ambayo inahitaji mwendo laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine, na sauti itatetemeka kama ya mtu anayezungumza huku akiendeshwa kwenye barabara ya makorongo. Matundu ya mkanda yatavutwa na kupasuka. Ikiwa mkanda ni wa asetati utakatika, na hiyo ndiyo nafuu. Ikiwa ni wa poliesta, kama nakala nyingi zilizochapishwa tangu miaka ya tisini, wenyewe hautakatika kwa urahisi, na kitakachoharibika ni mashine.

Kisha kuna suala la midomo na maneno, ambalo sijaona mtu akiligusa. Katika mkanda wa milimita 35, sauti ya kawaida ya mwanga, yaani ile iliyochapwa kwenye mkanda na kusomwa kwa mwanga, haiandikwi kando ya picha yake. Imetangulizwa takriban picha 20 mbele, kwa sababu kisomaji kiko chini ya lango na picha hupita langoni kwanza. Kitanzi cha chini ndicho kinachokamilisha umbali huo. Ukikiondoa, njia inafupika kwa picha kadhaa, na sauti inasomwa kabla ya picha yake kufika kwenye mwanga. Picha moja ni sehemu ya 24 ya sekunde, muda ambao sauti hewani husafiri kama mita 14, na kwa hiyo mtu aliyekaa viti vya nyuma huisikia sauti ikichelewa kidogo siku zote na wala halalamiki, kwa kuwa hata kiwanjani tunamwona mtu akipiga mpira kabla ya kusikia kishindo. Sauti inayotangulia mdomo, kinyume chake, haipo katika maumbile, na watazamaji huitambua mapema sana hata wasipoweza kueleza ni nini kinachowakera.

Je, hii inamaanisha kwamba maopereta wa kampuni ile hawajui kazi? Sidhani. Picha za namna hii hupigwa asubuhi, wakati opereta hajafika, na mpigapicha hujichukulia kipande cha mkanda kilichotupwa na kukipitisha kwa namna inayopendeza machoni. Nimeona picha kama hizo nyingi, zikiwemo za matangazo ya kampuni zinazouza mashine zenyewe, ambazo hazina udhuru huo.

Hata hivyo siafiki wanaosema kwamba tunachambua kitu kidogo. Upitishaji mbaya hauharibu onyesho la usiku huo tu. Unaandikwa kwenye nakala na kuonekana na kila atakayeitazama baadaye. Mombasa tulikuwa watu wa mwisho katika safari ya nakala. Filamu ya Kihindi ilikuwa imekwisha kuzunguka India kwenyewe, ikapita Nairobi na miji mingine, na ilipotufikia tuliweza kuisoma historia yake kwa macho kabla ya kuiweka kwenye mashine. Katika mkanda wa rangi matabaka yamepangwa hivi: la juu ni majenta, la kati ni la samawati ya kijani, na la chini ni la manjano. Mkwaruzo mwepesi huondoa majenta peke yake na kuacha mstari wa kijani kwenye pazia. Ukizama hadi tabaka la kati, mstari huwa wa manjano. Ukifika kwenye plastiki, huwa mweupe. Mstari mweusi maana yake ni mkwaruzo wa upande wa pili, usio na rangi, ambao hutia kivuli tu. Mstari ulionyooka usiokatika hutokana na kitu kilichosimama, kwa mfano kitanzi kinachosugua ukuta wa kijumba au rola iliyokataa kuzunguka, ilhali alama inayojirudia kwa umbali uleule hutokana na kitu kinachozunguka. Kwa ujuzi huo tu, opereta mzoefu aliweza kusema nakala iliumizwa upande gani na na kitu cha aina gani, ingawa hakuweza kusema ni mji gani. Wakati mwingine nakala moja ilihudumia majumba mawili kwa usiku mmoja, rili zikipelekwa kwa baiskeli moja baada ya nyingine, na aliyeipokea rili ikiwa bado na joto la mashine ya mwenzake alijua mara moja kama huko ilipitishwa vizuri.

Sasa nije kwenye kosa nililolitaja mwanzoni. Yatazameni maandishi ya ukurasa pamoja na kitu kilicho nyuma ya projekta. Maandishi yanaahidi «nakala adimu kutoka hifadhi», na nyuma ya mashine, upande wa kulia, zinaonekana sahani tatu za chuma zilizopangwa juu ya nguzo moja. Hizo ni sahani za kulaza filamu nzima, mtambo uliobuniwa na Mjerumani Willi Burth, aliyekuwa mtu wa sinema mwenyewe, ambao ndio uliowezesha opereta mmoja kuhudumia kumbi nyingi kwa pamoja. Rili ya futi 2,000 huchukua dakika 22 hivi, na filamu ya saa mbili ina zaidi ya kilomita tatu za mkanda. Ili kuilaza yote kwenye sahani, opereta hukata vichwa na mikia ya rili zote na kuziunganisha kwa utepe kuwa mkanda mmoja, na onyesho likimalizika kwa mara ya mwisho hukata tena na kurudisha kila kipande mahali pake. Hifadhi za filamu kwa kawaida hazikubali nakala zao zifanyiwe hivyo. Hutaka rili zichezwe zilivyo, kwa projekta mbili zinazopokezana, opereta akifuata vile vialama viwili vya duara katika pembe ya juu kulia: cha kwanza kama sekunde nane kabla ya mwisho wa rili ili awashe injini ya mashine ya pili, na cha pili karibu na sekunde ya mwisho ili abadilishe. Ukumbi wenye projekta moja na sahani utapata shida kuazimwa nakala ya hifadhi, na ikiwa chumba kilichopigwa picha ndicho kitakachoonyesha, basi tangazo na chumba havipatani.

Aya ya pili ya ukurasa inazidisha mashaka, kwa kuwa inasema filamu zitaonekana «kwa mkanda wa 35, katika ubora wa 4K». Vitu hivyo ni viwili. Mkanda uliopita katika projekta ni mkanda, hauna 4K. 4K ni hesabu ya nukta katika faili la dijitali, 4,096 kwa upana, na faili hilo huchezwa kutoka kwenye seva kwa projekta ya aina nyingine. Inawezekana kwamba mkanda wa asili ulipigwa skani kwa 4K na watakachoonyesha ni faili lililotokana na skani hiyo. Ni jambo la heshima, na baadhi ya filamu zilizorekebishwa kwa njia hiyo zinapendeza kuliko nakala zilizochoka nilizowahi kucheza mimi. Lakini anayelipa tiketi ya ziada kwa sababu ya mkanda ana haki ya kuambiwa atatazama mkanda au faili, na ikiwa ni faili, kama projekta ya ukumbi ule ni ya 4K au ni ya 2K, yenye nusu ya upana huo, kwa maana kumbi nyingi zilizobadilishwa mapema zilifungiwa mashine za 2K.

Ratiba yao sitaichambua sana. Imewekwa kama picha, hivyo simu haiwezi kuikuza vizuri wala kutafuta jina la filamu ndani yake, na haitofautishi onyesho la mkanda na onyesho la kawaida la filamu hiyohiyo siku nyingine. Hilo la pili ndilo linalopoteza fedha za watu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa muulizaji ni kwamba usiwaandikie kuhusu kitanzi, maana barua hiyo itaishia kwa idara ya matangazo, nao watabadilisha picha na kuyaacha maneno. Waandikie maswali matatu mafupi: onyesho la tarehe unayoitaka ni la nakala ya milimita 35 au la faili, litachezwa kwa projekta mbili au kwa sahani, na je, wana lenzi na bamba la dirisha (bati lenye tundu linalokata mipaka ya picha) la uwiano wa filamu hiyo, yaani upana wa picha kwa kimo chake, hasa ikiwa ni ya zamani ya 1.37, kwa sababu ukumbi uliojengwa kwa 1.85 na 2.39 peke yake utakata vichwa vya waigizaji. Mwenye opereta wa kweli atakujibu siku hiyohiyo, na huenda kwa urefu kuliko ulivyotaka. Usipojibiwa, tunza fedha yako.

Na kwa yule aliyeuliza pembeni kama kitanzi cha chini kinaweza kupotea onyesho likiendelea: ndiyo, hasa kiungo kibovu kinapopita kwenye gurudumu la kusitasita na mkanda kuruka meno. Dalili yake ni mgurumo wa ghafla ndani ya mashine na picha kuanza kurukaruka. Mashine nyingine zina kirungu cha kukirudisha bila kusimamisha, ila nyingi hazina. Funga mwanga kwanza ili mkanda usiungue mbele ya taa, zima injini, fungua kibanio cha chini, rudisha ulegevu kwa idadi ya picha inayotakiwa na mashine yako, zungusha kwa mkono mara kadhaa, ndipo uwashe.