Ukidharauliwa, usiende mkutanoni peke yako

Nilikwenda Dar es Salaam nikiwa na miaka 16, kufanya kazi za ndani. Wasichana wengi wa Kilolo, mkoani Iringa, tumepita njia hiyo, ndiyo maana mjini ukitaja tu kwamba kwenu Iringa, mtu anakuuliza uko kwa nani. Dharau hiyo niliizoea. Iliyoniuma ni dharau niliyoikuta niliporudi nyumbani.

Ulikuwa mkutano wa kijiji, chini ya mti. Wanaume wenye majina walikalia mabenchi, sisi tumetandika khanga chini. Ikasomwa hesabu ya zahanati: mifuko 40 ya saruji. Mimi nilikuwepo ilipokuwa inashushwa, nikaihesabu 26. Nikanyoosha mkono. Ukapitwa. Nikanyoosha tena, ukapitwa. Mara ya tatu mtu akapaza sauti: "Huyo si alikuwa hausigeli? Hesabu za saruji amezijulia wapi?" Watu wakacheka. Nikashusha mkono, nikajifanya nakung'uta vumbi kwenye khanga.

Shangazi yangu hakucheka. Alisimama, akasema, "Mwacheni mtoto aseme." Nikasema. Sikujibiwa siku ile, ila tangu hapo sijakosa mkutano.

Mdogo wangu wa kiume ni bodaboda. Naye yalimkuta. Walikwenda na wenzake kwenye ofisi moja kuulizia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Wakatazamwa viatu vyao vyenye tope, wakaambiwa mikopo si ya wahuni. Wenzake wote wakanyamaza. Tangu siku hiyo akisikia habari za siasa anawasha pikipiki anaondoka.

Tumezaliwa tumbo moja, tumedharauliwa wote, mimi nikasogea na yeye akajitenga. Nimelifikiria sana jambo hili, na sioni kwamba mimi ni jasiri kuliko yeye. Mimi nilikuwa na shangazi. Halafu mimi nilichekwa na wanakijiji wenzangu, yeye alifukuzwa na mtu anayelipwa kumhudumia. Hiyo ya pili inavunja moyo zaidi.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma hapa, kabla ya mkutano ongea na wawili au watatu. Mkubaliane kwamba mkono wako ukipitwa, mmoja atasema, "Mwenyekiti, kuna mkono huku." Beba daftari, andika tarehe na idadi uliyoiona mwenyewe. Mkutano wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Huhitaji kadi ya chama wala cheo. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimeandika ibara mbili za Katiba ya 1977: ya 13 inayokataza ubaguzi, na ya 21 inayonipa haki ya kushiriki mambo ya nchi yangu. Sijawahi kuzisoma kwa sauti, lakini nikizishika mkono hautetemeki.

Kwetu msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, mambo mengi huamuliwa kilabuni kabla mkutano haujaitishwa. Msichana hawezi kukaa kule hadi usiku. Mimi huwafuata watu shambani asubuhi, nikishawasalimu "kamwene" naweka jembe chini, tunazungumza. Inachosha, lakini siku ya mkutano unakuta vichwa vinavyokubali.

Na jihadhari na watakaokufuata karibu na uchaguzi kwa sababu una hasira. Nimeona vijana waliobaguliwa wakipewa fulana na nauli wakapige kelele, kisha hakuna aliyewauliza walibaguliwa vipi.

Mdogo wangu wa bodaboda bado haji mkutanoni. Juzi tu, akiwa anafuta pikipiki uani, aliniuliza bila kuniangalia: "Lile swali la saruji, walijibu?" Nikamwambia wamejibu nusu. Akauliza mkutano mwingine ni lini.